Manahodha Wengi, Chombo Kimoja

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nao haohao walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu yeyote aliyepata kuongoza kazi ya elimu iandikwayo na watu wengi ajua kwamba methali zote mbili ni za kweli, na kwamba taabu yake yote iko baina ya hizo mbili. Katika makala haya nataka kuitazama taabu hiyo kwa mfano wa kitabu kimoja mashuhuri, nacho ni juzuu ya pili ya ile historia ya Afrika ya Unesco, iliyohaririwa na Gamal Mokhtar wa Misri, na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1981.

Kazi yenyewe ilianzishwa na Unesco mwaka 1964, na juzuu zake nane za awali zilisimamiwa na kamati ya wataalamu 39, theluthi mbili yao wakiwa Waafrika. Kila juzuu ilipewa mhariri wake, na kila sura ikatiwa jina la aliyeiandika. Hili la majina si jambo dogo. Mwenye kutafuta habari za pwani yetu atamkuta Abdul Sheriff katika juzuu ya pili akieleza biashara ya bahari ya zama za kale; akifika juzuu ya nne atamkuta Matveiev, mtaalamu wa Kirusi, akieleza kukua kwa ustaarabu wa Waswahili. Hao ni watu wawili, wenye malezi mawili ya elimu, na msomaji ajua ni nani asemaye naye. Hapo chombo hakijaenda mrama hata kidogo.

Lakini bahari ilichafuka katika sura ya kwanza ya juzuu ya pili. Sura hiyo iliandikwa na Cheikh Anta Diop wa Senegal, na ndani yake alidai kwamba Wamisri wa kale walikuwa watu weusi. Hakudai kwa maneno matupu. Alileta ushahidi wa ngozi za maiti waliohifadhiwa, maneno ya waandishi wa Kiyunani waliofika Misri, na ulinganifu wa lugha ya Misri ya kale na Kiwolof. Mwisho wa sura hiyo mhariri aliweka tanbihi fupi, akisema kwamba hoja hizo hazikukubaliwa na wataalamu wote wanaoshughulika na suala hilo.

Je, alitenda haki? Ili kuhukumu, yatupasa kukumbuka mkutano uliofanyika Cairo mwaka 1974, ambapo Diop na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walikabiliana na wataalamu wa Misri ya kale waliotoka nchi mbalimbali. Taarifa ya mkutano huo imechapishwa katika juzuu hiyohiyo, kama nyongeza ya sura ya Diop, na humo imekiri jambo la ajabu: kwamba si wote waliohudhuria walioandaa hoja zao kwa bidii iliyolingana na ile ya Diop na Obenga, na kwa hiyo majadiliano hayakuwa na mizani iliyo sawa.

Hapa ndipo ninapoona sifa na kasoro ya mhariri vikikaa pamoja. Sifa yake ni kwamba hakuificha sura hiyo, wala hakuilainisha mpaka ikakosa ladha. Mhariri mwoga angalimwomba Diop apunguze ukali, kisha angalichanganya maneno yake na ya wapinzani wake, akatupa uji usio wake Diop wala wao. Mokhtar alimwachia kila mtu sauti yake, na mabishano akayaweka wazi katika nyongeza.

Kasoro ni ile tanbihi yenyewe. Kusema kwamba hoja haikukubaliwa na wote si kuijibu hoja. Tanbihi haisemi ni nani aliyekataa, wala alikataa kwa ushahidi gani. Mwanafunzi anayeisoma hudhani kwamba kesi imekwisha, akaifunga sura bila kuigeukia nyongeza, ambako angaliona kwamba wakataaji wengine hawakuja na silaha za kutosha. Aliyefanya kazi akapewa alama ya shaka. Asiyejiandaa akafichwa nyuma ya neno “wataalamu”.

Huenda mtu akasema kwamba mhariri hakuwa na budi, kwa kuwa kitabu kilibeba jina la Unesco, na wasomaji wangalidhani kuwa kamati nzima yaafikiana na Diop. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali nusu. Onyo lilihitajika, lakini onyo la haki lingalikuwa kumtaka mmoja wa wapinzani aandike sura yake, kwa urefu uleule na kwa jina lake, ili msomaji apime mizigo miwili katika mizani moja.

Basi hilo ndilo fundisho kwa sisi tunaokusanya maandishi ya wengi, iwe katika jarida la chuo au kurasa nyinginezo za elimu. Kazi ya mhariri si kuwafanya waandishi waafikiane. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayepinga analipa gharama ileile aliyolipa anayedai: jina, ushahidi na jasho. Manahodha wakiwa wengi, chombo hakizamishwi na wingi wao, bali na yule asemaye “sikubali” huku hajashika kamba.