Kinachoiondoa Atrazini Shambani

Mkulima aliyepuliza atrazini, dawa ya magugu, kwenye mahindi, na sasa anataka kupanda maharage, huuliza dawa inakaa ardhini siku ngapi. Vitabu humpa nusu-maisha ya takribani siku 60: ukiweka kilo 1 kwa hekta, baada ya siku 60 zimebaki gramu 500, na baada ya 120, gramu 250. Hesabu hiyo ni wastani tu. Anayeamua hasa ni udongo. Wanaoivunja dawa kwa sehemu kubwa ni vijidudu, nao wanataka unyevu na joto. Kiangazi kikishika, siku zinapita dawa ikiwa palepale. Tindikali nayo ina kazi yake. Penye tindikali, klorini iliyomo kwenye atrazini huondoka kwa urahisi, na kinachobaki, haidroksiatrazini, hakiui gugu tena. Ndiyo maana shamba lililotiwa chokaa nyingi linaweza kukaa na dawa muda mrefu kuliko la jirani, hata kama wote walipuliza kipimo kimoja.

Ushahidi mzito zaidi wa kazi ya vijidudu ulitoka Marekani. Mwaka 1995 watafiti walieleza bakteria wa jamii ya Pseudomonas, waliotolewa kwenye udongo uliomwagikiwa viuagugu, wanaojipatia naitrojeni kutoka kwenye atrazini yenyewe. Udongo uliozoea dawa hii miaka mingi huweza kuivunja haraka mno. Atatokea wa kusema: basi tupulize kila msimu, udongo uzoee. Hapana. Dawa ikiisha mapema, magugu huota mahindi yakiwa bado machanga. Tena, kutoonekana juu si kuvunjika: kwenye kichanga chenye mboji kidogo, mvua huishusha chini. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliikataa atrazini kwa sababu ya maji ya ardhini, ambako kikomo ni mikrogramu 0.1 kwa lita.

Wengine watasema maabara ni ghali, na ni kweli. Lakini maharage yenyewe ni kipimo. Chota udongo wa juu sehemu kadhaa za shamba, ujaze makopo. Mengine yajaze udongo wa pembeni usiopulizwa, kisha panda maharage kwenye yote. Usidanganywe na kuota, kwa kuwa atrazini haizuii mbegu kuchipua. Huzuia jani kujitengenezea chakula. Subiri wiki mbili au tatu, akiba ya mbegu iishe. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano na kukauka kingo, huku ya makopo ya pembeni yakiwa mabichi, rudisha mahindi. Yakilingana, panda maharage, ila maji ya kisima yanahitaji kipimo chake.