Mahali pa Kupitisha Msumeno

Mwembe mkongwe hauangushwi na upepo peke yake. Upepo humalizia tu kazi iliyoanzwa zamani na maji, mchwa, moto wa takataka na panga lenye pupa. Asubuhi baada ya dhoruba, watu wa Mofu au Ifakara wanapokusanyika kuutazama mti uliolalia mabati, mimi huenda moja kwa moja penye jeraha. Mara nyingi hukuta kiini kilichokwisha kuoza, cheusi, kinachomeguka kwa vidole, na kando yake ukanda mwembamba wa mti mzima uliokuwa umelibeba tagaa lote peke yake. Ukiufuata uozo huo hadi ulikoanzia, unafika kwenye kigutu: kipande cha tawi ambacho mtu alikiacha miaka mingi nyuma, alipokata haraka haraka akaenda zake.

Ndiyo maana namheshimu sana mtu anayejua kupogoa mti mzee. Ni ufundi usiopigiwa makofi. Seremala akimaliza, kuna kabati; mwashi akimaliza, kuna ukuta. Mpogoaji hodari akimaliza, mti uko pale pale, na mpita njia hawezi hata kujua kwamba umeguswa.

Bonde la Kilombero linauhitaji ufundi huu kuliko sehemu nyingi. Upande mmoja limezibwa na Milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero kinafika mita 2,576. Upande wa pili kuna nyanda za juu za Mahenge. Katikati umelala uwanda wa mto unaofurika kila masika, ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mofu iko ukingoni mwa uwanda huo. Maji hapa hayako mbali na uso wa ardhi hata kiangazi, na mizizi haiishi mahali isipopata hewa. Mwembe uliotoka kwenye kokwa, ambao kwenye ardhi kavu hutuma mzizi mkuu chini kabisa, huku hulazimika kutandaza mizizi yake karibu na juu. Masika yakikolea, udongo unalegea kama uji, na mti wenye tani kadhaa za matawi unabaki umeshikiliwa na sahani pana ya mizizi isiyo na kina.

Halafu kuna upepo wenyewe. Kila aliyelelewa bondeni anaujua ule unaotangulia mvua. Wingu la radi linajijenga mchana kutwa juu ya milima, jioni hewa iliyopoa ndani yake inaporomoka kwa kishindo, na ikigonga ardhi haina pa kwenda ila kusambaa. Dakika tano, kumi, vumbi na majani na ndoo za plastiki vinaruka. Mvua inafika baadaye. Novemba na Desemba dhoruba hizi huukuta mwembe ukiwa umebeba maembe hadi matawi yameinama. Mti wa majani mazito yasiyopukutika, wenye mzigo wa matunda kwenye ncha za matawi, juu ya ardhi iliyoanza kulowa: hali mbaya kuliko hiyo ni nadra kuipata.

Kwa nini basi watu hupanda miembe jirani na nyumba? Aliyewahi kukaa chini ya bati saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, Ifakara, hawezi kuuliza. Kivuli cha mwembe ni chumba cha nyumba. Hapo mpunga unapepetwa, nywele zinasukwa, wageni wa msiba wanatandikiwa mikeka, na mzee anashinda na redio yake. Kivuli hicho hakinunuliwi dukani. Mwembe wa kokwa unaweza kuzaa baada ya miaka sita hivi, lakini kufunika uwanja mzima huuchukua umri wa mtoto kukua hadi kuoa. Watu wa Unguja walijifunza gharama ya miti kwa siku moja, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Nyumba zilijengwa upya upesi. Mashamba yalisubiri miaka. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na pwani ya kusini, sisi wa bara tulikumbushwa kwamba hayo si hadithi za kale tu.

Wengi wakishaogopa hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza humwita mwenye chenso aung'oe mti, na kuanzia siku hiyo familia inapikwa na jua. Wa pili huukata kichwa: matagaa yote yanafyekwa kwa urefu mmoja, unabaki mti wenye ngumi zilizoelekezwa mbinguni. Huyu wa pili hudhani amechukua tahadhari, kumbe ametega mtego. Machipukizi yanayolipuka kwenye visiki hivyo hutoka chini ya gome tu, hayana mshiko ndani ya mti kama tawi lililozaliwa pamoja na shina. Yanarefuka kwa kasi, yananenepa, na baada ya misimu michache yanakuwa mazito kuliko mshiko wao. Chini yake kisiki kinaoza. Gome lililokuwa kivulini maisha yake yote linaungua kwa jua na kupasuka. Mti uliokatwa kichwa leo ndio utakaovunja paa kesho kutwa.

Fundi niliyemtazama Mofu alikuja mwezi wa pili, maembe yakiwa yamekwisha na masika hayajakolea. Mwenye mji, mama wa makamo, alimpokea kwa wasiwasi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniulia mwembe wangu?”

“Hapana, mama. Nimekuja kuupunguzia mzigo.”

Hakugusa chombo kwa muda mrefu. Aliuzunguka mwembe ule, dodo mkubwa, kwanza kwa mbali hadi barabarani, akitazama umbo lake lote: umeegemea wapi, uzito uko upande gani, upepo wa mvua huja kutoka wapi. Kisha akasogea. Alichutama akaangalia udongo upande ulio kinyume na mwinamo, kutafuta ufa. Mti ulioinama tangu ujana hauna neno, bali ulioanza kuinama mwaka huu hupasua ardhi nyuma yake. Alikwangua vijia vya udongo vya mchwa aone kama viko juu ya gome tu au vinaingia ndani. Akatafuta uyoga mgumu ule unaojishikiza shinani kama rafu, maana ukiuona huo ujue ndani kumekwisha kuliwa. Halafu akageuza panga, akaanza kugonga shina kwa mgongo wake, hatua kwa hatua, sikio karibu na gome. Tangu chini mlio ulikuwa mzito na mfupi. Penye tundu la zamani, usawa wa bega, ukabadilika ukawa wa wazi. Akarudia hapo mara nyingi, akipima kwa vidole tundu linaishia wapi.

Tundu peke yake halimtishi fundi. Mti hubebwa na sehemu ya nje ya shina zaidi kuliko kiini chake, ndiyo sababu mibuyu yenye mapango ndani husimama. Mtaalamu wa Kijerumani Claus Mattheck, wa Karlsruhe, alipendekeza kipimo kinachotumiwa na wengi: ukuta mzima uliobaki ukiwa karibu theluthi ya nusu-kipenyo cha shina, mti bado una nguvu ya kutosha. Fundi wetu hakumtaja Mattheck, ila aliposema “ganda bado nene, tatizo liko juu,” alikuwa anapima kitu kile kile.

Tatizo la juu lilikuwa panda. Matagaa mawili yalipanda pamoja yakiwa yamebanana, gome la huku limekunjamana na gome la kule, bila kushikana ndani. Panda pana yenye mgongo wa gome uliotokeza ni imara; panda nyembamba iliyofinya gome katikati hujisukuma yenyewe kila mwaka yanapozidi kunenepa. Tagaa moja lilielekea uwanjani. La pili lilitanda juu ya jiko, na ndilo lililokuwa likizaa sana.

“Hilo usiniguse, ndilo la maembe,” mama alisema.

“Mama, hilo ndilo litakaloshuka jikoni. Sitaliondoa. Nitalifupisha.”

Akapanda. Kamba yake ya manila ilikwishapitishwa kwenye panda imara ya juu, na mwisho wake ukazungushwa mara mbili kwenye shina la mti chini, ambapo kijana wake aliushika. Mizunguko ile miwili ndiyo inayomwezesha kijana wa kilo hamsini kushusha tawi la kilo mia mbili taratibu kama anayeshusha ndoo kisimani. Msuguano wa gome unafanya kazi, yeye anaongoza tu.

Tawi la kwanza lilikuwa kavu, limekufa, nene kama paja. Hapa ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Hakukata karibu na shina. Alisogea mbali kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, akaanza kukata kutoka chini kwenda juu, theluthi moja ya unene, akaacha. Akasogea nje kidogo zaidi, akakata kutoka juu kwenda chini. Tawi likalia, likavunjika safi kwenye mkato wa chini, likaning'inia kwenye kamba. Bila ule mkato wa chini, uzito ungelichana gome kuelekea shinani, na jeraha la namna hiyo mti haulimalizi. Kikabaki kigutu kifupi kisicho na uzito. Sasa akaweka chenso pembeni, akachukua msumeno wa mkono.

Tawi linapotokea shinani huzungukwa na uvimbe, kola ya mti uliokunjamana. Aliushika ule uvimbe kwa kidole gumba, akaufuata wote, chini, kando, juu, mpaka akapajua unapoishia. Kisha akapitisha msumeno nje yake tu, kwa upole, akibadilisha mwelekeo kufuata umbo, si kufuata ukuta wa shina. Ukikata ndani ya kola, umeondoa kinga ya mti. Ukikata mbali, umeacha kigutu kitakachooza na kuupeleka uozo ndani. Tofauti ya mkato sahihi na mkato mbaya ni upana wa kidole.

Sababu yake ilielezwa vizuri na Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006. Alichukua chenso, zana iliyokuwa inaanza kuenea, akapasua maelfu ya miti kwa urefu badala ya kuikata vipande vya mviringo kama watangulizi wake, na ndani akaona mti haufanyi anachofanya mwili wetu. Hauponi. Hautengenezi upya sehemu iliyoharibika. Unaijengea kuta, unaifungia, na kuendelea kukua nje yake; alilichapisha hilo mwaka 1977. Kuta zenye nguvu ziko penye kola ya tawi, na fundi anayeihifadhi anauachia mti silaha zake. Kutoka kwa Shigo pia tulijua kwamba kupaka jeraha rangi, lami au oili chafu ya gari, kama wengi wetu tulivyozoea, hakuzuii kuoza. Mama alileta kopo la rangi iliyobaki mlangoni. Fundi alishukuru, akaliweka chini.

Kisha lile tagaa la jikoni. Hakulikomba matawi ya ndani. Kosa hilo huacha kishungi cha majani mwishoni, na upepo ukishika ncha hupata nguvu ya kulivunja tagaa linapotokea shinani. Alikwenda ncha kwa ncha. Kila tawi refu alilirudisha hadi kwenye tawi la pembeni lenye unene wa kutosha kulirithi, lisilopungua theluthi ya lile alilolikata, ili utomvu uwe na pa kwenda. Alikuwa anashuka chini, anatazama, anapanda tena. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi, kwa hiyo mikono yake aliifunika licha ya joto. Alipomaliza, tagaa lilikuwa fupi kwa mita mbili hivi, na majani yaliyoondoka kwenye mti mzima hayakufika robo. Mti mzee hauna akiba ya kutosha kuvumilia zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja. Panda ile ataishughulikia tena mwakani, na mwaka unaofuata.

Chini kulikuwa na kazi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Aliomba jalala lihamishwe, maana moto wa majani unaochomwa kila asubuhi shinani huua gome upande mmoja polepole. Aliomba mbuzi afungwe kwingine. Kijana aliyetaka kuchimba msingi wa choo mita moja na nusu kutoka shinani alishauriwa akisogeze upande wa pili wa uwanja, kwa sababu kukata mizizi minene upande unaopokea upepo ni sawa na kukata kamba ya hema. Pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa za bonde hili huzitupa kwa malundo, zilitandazwa nyembamba chini ya matawi, mbali na shina, kulainisha udongo uliokanyagwa miaka mingi.

Iko miti isiyostahili haya yote. Mwembe ambao ganda lake limebaki jembamba, uyoga umeuzunguka, na ardhi nyuma yake imepasuka, usimwache mtoto alale chini yake. Uondolewe kwa utaratibu, na kama umeshikana na nyaya za umeme, TANESCO waitwe kwanza. Fundi mkweli atakuambia hivyo hata kama kupogoa kungemlipa zaidi.

Mwenye mji anayetafuta mpogoaji asimuulize bei kwanza. Aombe kuonyeshwa miti aliyoikata miaka miwili au mitatu iliyopita, kisha aangalie makovu. Mkato uliofuata kola huota gome jipya kwa mduara kamili, limeingia sawasawa kutoka pande zote. Uliokwenda ndani sana huota gome pembeni tu, juu na chini pakabaki wazi, jeraha likawa refu kama jicho. Kigutu hakioti kitu. Makovu hayo yapo kwenye miembe ya barabarani kuanzia Kibaoni hadi Mofu, usawa wa macho, na mtu yeyote anaweza kuyasoma.