Uhakiki: Nyimbo Bora za Scarface na Suala la Vigezo

Kupanga nyimbo kwa nambari ni mazoea ya vijana wengi, nasi hatuyapingi. Orodha tunayoihakiki hapa imeandaliwa na shabiki mmoja wa Scarface, mfokaji mkongwe wa Houston, Texas, kusini mwa Marekani. Imeorodhesha nyimbo tano bora alizozitoa nje ya kundi lake la Geto Boys: "Smile" (1997), "Guess Who's Back" (2002), "On My Block" (2002), "I Seen a Man Die" (1994) na "Mary Jane" (1997), kwa mfuatano huo.

Kwanza tumpongeze mwandaaji. Hakuuingiza "Mind Playing Tricks on Me" wa mwaka 1991, ingawa ni maarufu sana, kwa kuwa ni wimbo wa kundi. Aidha, uteuzi wake unagusa albamu tatu nzito: The Diary, The Untouchable na The Fix. Hakuna wimbo hata mmoja kati ya hizo tano usiostahili kuwamo.

Tatizo lipo katika mpangilio. Mwandaaji hakutaja kigezo chake, lakini nyimbo mbili za mwanzo zinakifichua: ni umaarufu. "Smile" ulifika nafasi ya 12 katika chati ya Billboard, na ndani yake imo sauti ya 2Pac, ambaye alifariki Septemba 1996, kabla wimbo haujatoka. Sehemu kubwa ya huzuni ya msikilizaji inatokana na kifo hicho. Katika "Guess Who's Back" wamo Jay-Z na Beanie Sigel. Nyimbo hizi ni nzuri, lakini ikiwa tunapima uwezo wa msanii akiwa peke yake, hazina haki ya kutangulia.

Kwa maoni yetu, nafasi ya kwanza ni ya "I Seen a Man Die". Kimaudhui, mtu anatoka gerezani, mtaa unamvuta tena, na mwishowe anafikwa na mauti. Kisa cha aina hii kimesimuliwa na wengi. Ubora wake umo katika fani, hasa matumizi ya nafsi. Msimulizi anaanza kwa nafsi ya tatu, akimtazama mhusika kwa mbali. Mauti yanapokaribia, anahamia nafsi ya pili na kusema na mtu huyo anayekata roho. Msikilizaji naye anahisi kwamba ndiye anayeambiwa. Badiliko hilo dogo la kisarufi linaigeuza habari ya mtaani kuwa maombolezo, na msanii analifanya bila msaada wa mgeni yeyote.

Nafasi ya pili tungeupa "On My Block", ambamo mtaa wenyewe ndio mhusika mkuu. "Mary Jane" ungefuata kwa sababu ya tashihisi yake: bangi inazungumziwa kama mwanamke mpenzi. "Smile" ungekuwa wa nne na "Guess Who's Back" wa tano.

Mwandaaji anaweza kutupinga, na tungefurahi akifanya hivyo. Ila orodha isiyo na sababu haijadiliki. Inarudia tu kile ambacho soko lilikwisha kusema. Tunawashauri wanafunzi wetu waandike sentensi moja ya sababu mbele ya kila nambari kabla ya kutuletea orodha zao.