Baga ya Mboga Inamkusudia Nani?

Baga ya mboga hukaa mwisho wa orodha, chini ya ng'ombe, kuku na samaki. Ile ya ng'ombe imeelezwa mpaka jibini na kitunguu kilichokaangwa taratibu. Yangu imeandikwa "mboga", basi. Hata hivyo naiagiza. Tangu niache kula nyama miaka minne iliyopita, nimeionja karibu kila nilikoikuta Dar es Salaam, na mpaka leo mhudumu akitokea na sahani nakaa vizuri kwenye kiti. Huwezi kujua mpishi ameamua nini.

Nasomea fasihi, shahada ya umahiri. Darasani tumezoea kuuliza kazi fulani inamkusudia msomaji gani. Swali hilo linaifaa sana baga.

Aina ya kwanza haimkusudii mtu yeyote. Karoti, njegere na punje za mahindi kutoka kwenye friza zimeshikizwa kwa viazi, zikavikwa chenga za mkate na kutumbukizwa kwenye mafuta. Nje inakwaruza fizi, ndani ni uji. Chumvi haipo, na hapo ndipo unapojua kwamba aliyeipika hajawahi kuionja. Ipo ili menyu isilaumiwe. Mara nyingi haipo hata hiyo: "Dada, ya mboga imeisha, nikuwekee ya kuku?" Nikisema sili nyama, najibiwa kwamba kuku si nyama.

Simcheki mhudumu huyo, maana lugha iko upande wake. Katika nyumba nyingi mboga ni chochote cha kushushia ugali. Ukiuliza leo kuna mboga gani, unaweza kujibiwa dagaa, au nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo maneno "baga ya mboga" hayajaahidi kitu. Ahadi yote imeachiwa jiko.

Aina ya pili inajua vizuri inamkusudia nani, na si mimi. Mwaka 2016 kampuni ya Impossible Foods ya California ilizindua baga yake katika mgahawa wa Momofuku Nishi, New York. Siri yake ni hemu, kiini chenye chuma kinachoipa nyama rangi na ile ladha ya damu. Wataalamu wake walichukua jeni ya hemu inayopatikana kwenye mizizi ya soya, wakaipandikiza kwenye hamira ili izalishe nyingi. Kampuni haikuficha kwamba inamtafuta mla nyama. Kama kazi ya ufundi, inastahili heshima: ikiwa mtu mmoja ataacha ng'ombe kwa sababu yake, imefanya zaidi ya maharage yangu yote.

Hapa kwetu ndugu yake wa kipato cha chini ni nyama ya soya. Niliila mgahawa mmoja Mikocheni, imesagwa na kukolezwa tangawizi, kitunguu saumu na sosi yenye harufu ya moshi. Ilitafunika, ilikuwa na mafuta ya kutosha, na mkate ulikuwa umepashwa upande wa ndani ili usilowe. Mpishi alijua kazi. Lakini kila tonge lilikuwa linaniuliza kama nimedanganyika, nami sikuja kudanganywa. Nilikuja kula soya, ila soya ilikuwa imeambiwa inyamaze.

Aina ya tatu ndiyo inayonifanya niendelee kuagiza. Katikati ya mji, upande wa Kisutu, kwenye migahawa ya Wahindi isiyopika nyama kabisa, nimekula baga ambayo ndani yake ni viazi vilivyopondwa, si kusagwa, vyenye binzari, pilipili mbichi na giligilani, vikachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa. Juu yake kuna ukwaju badala ya mayonezi. Anayekula kachori za jioni ataitambua mara moja. Anayetoka Mumbai ataiita binamu wa vada pav, chakula cha barabarani kinacholiwa na kila mtu kule; na hilo neno pav, yaani mkate, lilitoka kwa Wareno. Baga hii haikusubiri maabara. Ukwaju unakata mafuta, ganda la dengu linatoa mlio, kiazi kinajaza tumbo. Kila kilichomo kina kazi, na hakuna kinachomwigiza mwenzake.

Inamkusudia nani, basi? Mwenye njaa. Rafiki zangu wote wanakula nyama, na wengi wamechoka kuchagua mgahawa kwa ajili yangu, ingawa hawasemi. Mbele ya baga ya kwanza hunionea huruma. Mbele ya ile ya soya hunipima: inafanana kweli? Ya Kisutu waliimega bila kuomba, kisha wakaagiza zao. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha baga ya mboga: iniweke mezani pamoja na wenzangu, nisiwe mgonjwa wala mfano wa kujadiliwa.

Jiko linalolijua hilo halina haja ya neno "mboga" kwenye menyu. Liandike viazi, dengu na ukwaju, liweke bei, kisha liache watu waagize.