Mpangaji Asiye na Mita

Fundi aliigeuza mara tatu, akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akachungulia.

"Kaka, hapa laini inaingia wapi?"

Haiingii popote, nikamwambia. Nokia N810 haikuwa simu, ingawa ilivaa jina la simu na kula chaja ya simu, ile ya pini nyembamba ambayo siku hizo haikukosekana kwenye duka lolote la Kariakoo. Ilikuwa kompyuta ya kiganjani ya kuingilia intaneti, iliyotoka mwishoni mwa 2007: kioo cha inchi nne na ushee, kibodi inayochomoza ukisukuma kioo juu, kalamu ya plastiki ya kugusia. Binamu yangu aliichoka, nami nikairithi. Kwa fundi nilifuata kadi ya memori tu, lakini yeye alitaka kujua naipeleka wapi mashine isiyopiga simu. Nikasema nataka kuweka Debian.

"Ahaa, unataka kupiga Linux."

Hapo ndipo tulipopishana.

Mjini kwetu neno ni kupiga. Unapeleka kompyuta, fundi anapiga Windows, na kweli ni kipigo: kila kilichokuwemo kinafutwa, unarudishiwa mashine iliyosahau hata jina lako. Sisemi ni vibaya, mashine nyingi zimepona hivyo. Ila kifaa kidogo kama hiki ukikipiga unakiua. Wifi yake na uchajishaji wa betri yake vinategemea vijiprogramu vilivyokuja na mfumo wake mwenyewe, na baadhi yake havikuwahi kutolewa wazi ili wengine wavitengeneze upya. Ufundi ninaousifu hapa ni wa namna nyingine. Ni kuiingiza Linux nzima ya mezani, na ofisi yake na karakana yake ya picha, ndani ya kitu kinachoenea mfukoni, bila kumhamisha aliyemo.

Aliyemo anaitwa Maemo, naye ni mtoto wa Debian. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na jina lake ni Debra na Ian yakiunganishwa, kama watu wanavyounganisha majina kuita duka. Nokia walichukua mengi humo, pamoja na dpkg na apt, zile zana za kuleta na kupanga vifurushi. Kisha wakapunguza. Hifadhi ya mfumo ilikuwa MB 256 tu, kwa hiyo zile amri ndogo ndogo za kawaida ziliondolewa, ikawekwa BusyBox, programu moja inayojifanya nyingi. Na BusyBox nayo ilizaliwa nyumbani humo humo: Bruce Perens aliianza katikati ya miaka ya tisini ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye diski moja laini. Kubana matumizi ni tabia ya ukoo.

Mtu asiyejua hudhani kwa kuwa ni ndugu, vifurushi vya Debian vitaingia Maemo moja kwa moja. Nilidhani hivyo. Kifurushi kimoja kinadai maktaba mpya, maktaba mpya inaiondoa ya zamani, ya zamani ndiyo iliyoshikilia kioo cha nyumbani, na asubuhi kifaa hakiwaki. Ndugu kukaa jikoni moja hawawezi.

Basi kila mmoja na chumba chake. Njia inaitwa chroot, yaani badili mzizi, na ilikuwemo kwenye Unix tangu 1979. Kwenye mifumo hii kila njia ya faili huanzia mahali pamoja panapoitwa mzizi. chroot huiambia programu: kuanzia sasa mzizi wako ni hapa, kwenye folda hii, na huko nje hakupo. Programu inaamini. Inatafuta maktaba zake, inazikuta. Inatafuta mipangilio yake, inaikuta. Wala haijui kwamba dunia yake nzima ni folda moja ndani ya kadi ya memori.

Kwa aliyekulia nyumba ya kupanga hili halihitaji kuchorwa. Korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mpangaji anakuja na kitanda chake, kabati lake, sufuria zake na namna yake ya kupika. Lakini LUKU, yaani mita ya umeme, ni moja, na ipo ukutani kwa mwenye nyumba. Kwenye Linux, LUKU hiyo ndiyo kiini, ile sehemu inayozungumza na chuma chenyewe. Debian yangu haikuwa na kiini chake. Ilikula umeme wa Maemo, na pale ambapo kiini cha Maemo hakikujua kufanya jambo, mpangaji naye hakuweza, hata angekuwa na kitabu cha maelekezo mkononi.

Chumba chenyewe kilikuwa faili moja linalofunguliwa kama folda. Kadi nyingi huja na mpangilio wa FAT, ambao haukubali faili la kufika GB 4, hivyo nilikata chumba cha GB 2 na ndani yake nikapanga kwa ext2. Wenzangu walinicheka kwa kutochukua ext3. Lakini ext3 huandika kwanza kwenye daftari lake kabla ya kubadili kitu, kisha huandika tena, na kadi ya memori huchakaa kwa kuandikwa. Nilipendelea hatari ya umeme kukatika kuliko kuila kadi taratibu. Humo nikaingiza Debian 5.0, iliyotoka Februari 2009, toleo la kwanza kuwa rasmi na mkusanyiko wa armel, ambao ndio lugha ya mashine inayosemwa na kichakataji cha N810.

Halafu milango. Chumba kikifungwa kabisa ni kaburi, na hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. /proc lazima ionekane ndani, la sivyo mpangaji hajui nini kinaendelea nyumbani. /dev vilevile, ili aone vifaa. Anwani za kutafutia majina ya intaneti unazinakili kutoka kwa mwenye nyumba. Nilifungua hivyo vyote, nikaamuru programu ya picha ya GIMP ifunguke, ikanijibu kwamba haioni kioo. Nilikesha. Nilipekua mipangilio ya kioo, nikabadilisha ruhusa, nikalaumu kadi. Kumbe programu inayochora kwenye kioo hupokea wageni kupitia kitundu kidogo, na kitundu hicho kipo ndani ya /tmp ya mwenye nyumba, wakati mpangaji alikuwa na /tmp yake mwenyewe, safi, tupu, isiyo na tundu lolote. Mstari mmoja wa mount wa kuunganisha /tmp mbili ziwe moja, na GIMP ikafunguka juu ya kioo cha Maemo kama mgeni aliyekuwa akibisha hodi mlango wa nyuma usiku kucha.

Furaha ile iliniponza. Wiki chache baadaye nilitaka kujenga chumba upya. Nikaingia kwa mamlaka ya mwenye nyumba, nikaandika rm -rf na jina la folda, nikabonyeza Enter. Nilisahau kwamba folda ya nyaraka zangu nayo nilikuwa nimeiunganisha ndani, ili niweze kuandikia pande zote mbili. Amri ile haijui chumba na ua. Ilipita mlango niliouacha wazi ikafagia uani. Nilipozinduka na kubonyeza Ctrl na C, madokezo ya miezi mitatu yalikuwa yamekwenda. Tangu hapo, kabla ya kubomoa, nasoma kwanza orodha ya milango iliyo wazi, kwa sauti, na nafunga mmoja mmoja. Mke wangu akinisikia hujua naelekea kufuta kitu.

Watu huuliza, ilikuwa na kazi gani? Swali la haki. Kichakataji cha MHz 400, kumbukumbu ya MB 128. Nikibonyeza OpenOffice, ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliipa maneno ya Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice, nilikuwa na muda wa kuteleka chai. Kioo kilikuwa na nukta 800 kwa 480, na madirisha ya mezani hayakushonwa kwa kipimo hicho: kitufe cha kukubali kiliangukia chini ya ukingo, kisionekane. Nilijifunza kubonyeza Enter kwa imani. Kitufe cha Tab hakikuwepo kwenye kibodi, unakigusa kwa kalamu chini ya dirisha la amri. Kubonyeza kulia ndiyo kabisa, kioo kinajua mguso mmoja.

Lakini niliandika humo. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, daladala imezima injini, niliandika ukurasa na kuupanga vichwa na tanbihi kama vile niko mezani. Kwa kusoma barua pepe Maemo ilitosha, na sikuona haja ya kumsumbua mpangaji. Ustadi wenyewe ulikuwa kujua lipi la nani. Nimewaona wanaojisifu kwamba wamewasha programu kubwa kuliko zote kwenye kifaa kidogo kuliko vyote. Wanapiga picha, wanazima, hawarudi tena humo. Hao sina neno nao.

Siku hizi kijana mwenye simu ya Android anaweka Termux, humo anashusha Debian kwa dakika chache, na hahitaji hata ruhusa ya mwenye nyumba. Zana inayomsaidia, proot, haibadili mzizi kweli: inasimama mlangoni, na kila programu ikiuliza njia, inaielekeza kwingine kabla swali halijafika. Ni ujanja mzuri sana. Nimeujaribu kwenye simu ya mwanangu, ukawaka mara ya kwanza, nikabaki sina la kufanya na mikono yangu.

N810 ipo bado, kwenye kabati la vitabu. Betri haishiki, inaishi kwa chaja. Juzi niliiwasha na kufungua pande zote mbili. Juu, saa ya Maemo ilionyesha saa nane mchana. Chini yake, ndani ya dirisha la Debian, ilikuwa saa tano asubuhi. Mapigo ya saa ni ya kiini kimoja, lakini kila chumba kina karatasi yake inayosema kipo upande gani wa dunia, na karatasi ya mpangaji bado inasomeka Greenwich. Sikuwahi kuibadilisha. Nikamwacha na saa yake, nikachomoa chaja.