"Weka original tu": neno la kupima vizuri



Kuna neno moja ambalo kila mutu aliyenunua printa ya nyumbani, ile imprimante ndogo ya wino, alishalisikia: "Weka katushi ya original tu, bila vile utaua mashini." Liko ndani ya kitabu kidogo cha maelezo, muuzaji analirudilia, na sisi pia tunaliambia wadogo zetu wanaomaliza TFC. Kwa upande mwingine kuna wale wanaosemaka: "Wino ni wino tu, yote ni sawa, usitupe feza." Leo nataka kuyapima maneno yote mawili, kama vile mutu wa kilimo anapimaka udongo mbele ya kusema kama unafaa. Kwa maoni yangu, neno la kwanza ni la kweli nusu, na ile nusu ingine njo inatutoa feza. Neno la pili nalo linaharibu makaratasi ya watu.

Tuanze na feza. Printa ndogo inauzishwa bei ya chini, kisha kampuni inapata faida yake kwa wino. Hii haiko siri. Katika mwezi wa kwanza 2024, mukubwa wa HP, Enrique Lores, alieleza wazi kwenye televisheni ya Marekani CNBC kwamba kila printa wanayouzisha ni feza wamewekeza kwa mununuzi, na kama mununuzi hachapishi vya kutosha ao hatumii wino wao, uwekezaji ule umekuwa mubaya. Soma tena polepole. Wewe unafikiri umenunua mashini, kumbe mwenye kuiuzisha anakuhesabu kama shamba alilopanda na anangoja mavuno.

Sasa tuhesabu. Katushi nyeusi ya kawaida ya HP 123, ambayo inauzishwa sana Afrika, kampuni yenyewe inasema inatoa karibu kurasa 120. Mémoire ya kurasa 80, ukitoa nakala 4, ni kurasa 320. Ni kusema karibu katushi 3 kwa mémoire moja, na hatujahesabu zile kurasa ambazo directeur atarudisha zimejaa alama nyekundu. Kwa printa nyingi za bei ya chini, katushi mbili mpya, nyeusi na ya rangi, zinakaribiaka bei ya mashini yenyewe. Kwa kijana aliyemaliza masomo na kufungua kijumba cha secrétariat public juu kazi ya biro haikupatikana, hesabu hii njo inaamua kama mwezi utaisha na faida ao na deni. Ni vile watu wanatafuta katushi ya kampuni ingine, ao wanajaza ile ya zamani kwa sindano. Hawako wezi. Wanafanya hesabu tu.

Lakini haki inaomba tuseme pia kile ambacho neno la "original tu" liko nacho cha kweli. Wino wa printa haiko kama wino wa bik. Unapita ndani ya matundu membamba kuliko unywele, na kila tundu linatupa matone mengi sana kila sekunde. Kama wino ni muzito kupita kipimo, ao una uchafu ndani, ao unakauka haraka, tundu linaziba. Hapo swali kubwa ni hili: ile sehemu yenye matundu, tunayoita kichwa, iko wapi? Katika printa nyingi ndogo za HP, na nyingi za Canon, kichwa kimefungwa kwenye katushi yenyewe. Wino mubaya ukikiziba, unatupa katushi, unaweka ingine, mashini inaendelea. Katika Epson, kichwa kinakaa ndani ya mashini. Kikiziba na usafishaji ukishindwa, mara nyingi printa yote imekwisha, juu kichwa kipya ni bei sana. Kwa hiyo "utaua mashini" ni onyo la kweli kwa mwenye Epson, na ni kitisho tu kwa mwenye HP ndogo. Neno moja haliwezi kutosha kwa mashini mbili zilizotengenezwa tofauti. Ni sawa na kushauri mbolea moja kwa udongo wa volkano wa Goma na kwa udongo mwekundu wa Lubumbashi.

Jambo la pili la kweli ni aina ya wino. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna wino wa pigmenti, ni kusema chembe ndogo sana zinazobaki juu ya karatasi. Ule wa kwanza unatoa picha nzuri, lakini tone la mvua likianguka juu yake, maandishi yanakimbia. Ule wa pigmenti unavumilia maji na mwangaza zaidi. Sisi wa mashamba tunalijua hili kwa macho: karatasi ya kipande cha majaribio iliyochapishwa kwa wino usiofaa, mvua moja ya mwezi wa kumi na moja inaifanya kitambaa cha bluu. Katushi nyeusi za kampuni nyingi ziko na pigmenti. Muuzaji wa wino wa chupa akikujazia humo wino mweusi wa kuyeyuka, ukurasa utatoka mzuri leo, na hautasikia tofauti mpaka siku ya maji.

Basi, mpaka hapa "original" ina hoja. Nusu ya uongo inaanzia kwa chipu, ile puce ndogo iliyobandikwa juu ya katushi.

Kampuni zinasema chipu inalinda ubora na usalama. Tuangalie matendo. Tarehe 13 mwezi wa 9, 2016, printa nyingi za HP OfficeJet zilizokuwa zikifanya kazi vizuri na katushi za kampuni zingine zilianza kuzikataa kwa ghafula, siku moja. Wino haukubadilika usiku ule, na kichwa hakikuziba. Kilichobadilika ni amri iliyokuwa ndani ya programu ya printa. Watu walipopiga kelele, HP iliomba radhi mwezi ule ule na kuahidi programu ya kuondoa kizuizi kwa mashini zile. Lakini mutindo wenyewe uliendelea, na katika mwezi wa 12, 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, juu haikuwaeleza wanunuzi vizuri kwamba printa zake zitakataa katushi za wengine.

Mufano wa pili unatoka kwa Canon, na kwangu njo unamaliza mabishano. Mwanzoni mwa 2022, chipu zilikosekana dunia nzima. Canon ilibidi iuzishe katushi zake za toner, za mashini kubwa za biro, bila chipu. Mashini zake zenyewe zikaanza kuzionya kama vile ni za kigeni. Canon ya Ujerumani ikawafundisha wateja namna ya kupita juu ya onyo lile na kuendelea kuchapisha, ikisema ubora hauguswi. Kinachoweza kupotea ni kipimo cha kuonyesha toner imebakia ngapi. Kama ubora unabaki bila chipu, basi kazi kubwa ya chipu haikuwa ubora. Ilikuwa kulinda mulango.

Hapa nataka kutumia kipimo cha masomo yetu. Muhindi wa mseto F1 unakulazimisha kununua mbegu kila musimu. Watu wanalalamika, lakini sababu iko ndani ya mumea wenyewe: ukipanda tena mbegu ya F1, uzao unatawanyika na mavuno yanashuka. Haiko mutu aliyeamuru vile. Na kwa kubadilishana unapata mavuno mazuri ya musimu ule wa kwanza. Mambo ni tofauti na ile teknolojia watu waliita "Terminator", iliyopata haki ya uvumbuzi Marekani katika 1998: mbegu iliyopangwa makusudi izae mbegu zisizoota, ili mukulima arudi dukani. Katika 2000, mukutano wa Mapatano ya Bioanuwai uliofanyika Nairobi ulishauri isipelekwe mashambani, na mpaka leo haijauzishwa. Kichwa kinachoziba kwa wino mubaya ni kama F1: ni asili ya kitu, tunaiheshimu. Chipu inayokataa wino muzuri ni kama Terminator. Ajabu ni kwamba kwa mbegu dunia ilishtuka, lakini kwa wino tunaona ni jambo la kawaida.

Kampuni ziko na jibu, na si jibu la kipumbavu: wanatumia feza nyingi kwa utafiti, na wale wengine wanavuna bila kupanda. Lakini utafiti ule ungelipwa kwa bei ya kweli ya mashini, iliyoandikwa wazi, mununuzi achague. Mahakama Kuu ya Marekani iliangalia jambo la karibu na hili tarehe 30 mwezi wa 5, 2017, katika kesi ya Lexmark na kampuni ndogo Impression Products iliyokuwa ikiuzisha katushi za toner zilizojazwa tena. Ikaamua kwamba kampuni ikishauzisha kitu, haki yake ya uvumbuzi juu ya kitu kile imekwisha; mununuzi anaweza kukijaza na kukiuzisha. Uamuzi ule hautufungi sisi huku, lakini maana yake mutu yeyote wa sokoni anaielewa: ukishauzisha mbuzi, hauna tena neno juu ya majani anayokula.

Sasa nigeuke kwa upande wetu, juu kosa haliko kwa kampuni peke yake. Masoko yetu yanachanganya vitu vitatu tofauti chini ya jina moja. Kuna katushi ya kampuni ingine inayosema wazi jina lake: hiyo ni biashara halali. Kuna katushi ya zamani iliyojazwa tena: inaweza kuwa nzuri kama aliyejaza anajua aina ya wino. Na kuna katushi feki, iliyowekwa ndani ya boksi lenye jina la kampuni kubwa na kuuzishwa karibu na bei ya original. Hiyo ya tatu ni wizi, na inamuumiza hasa yule aliyetii neno la "original tu". Wale wanaosema "yote ni sawa" njo wanaoifungulia mulango. Kama hautaki kuuliza wino unatoka wapi na ni wa aina gani, haujashinda kampuni kubwa. Umebadilisha bwana tu.

Na mwenye kulipa mara nyingi haiko yule aliyenunua wino. Ni mama aliyechapisha attestation ya mutoto wake kwa secrétariat public, akaiweka ndani ya mufuko, mvua ikamukuta njiani. Ni sawa kuokoa feza kwa nakala za kusomea. Kwa karatasi ambayo mutu ataionyesha miaka kumi, fundi ana deni la kusema wino wake ni wa namna gani.

Kuna pia somo la kutia moyo. Katika Indonesia watu walikuwa wakifunga matanki ya wino kwa printa zao, bila kuomba ruhusa. Katika 2010 Epson ilianza kuuzisha kule printa yenye tanki la kujaza kwa chupa, ile ambayo leo inaitwa EcoTank. Chupa moja nyeusi ya aina ya 664 inatoa karibu kurasa 4.000. Mashini yenyewe ni bei zaidi siku ya kwanza, lakini bei ile inasema ukweli. Wenye hesabu za nyumbani walikataa, na kampuni ikawafuata.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, uliza maswali manne. Kichwa kiko kwenye katushi ao ndani ya mashini? Wino mweusi ni wa pigmenti? Printa imefungwa kwa kanda? Hili ni la muhimu kwa mashini zilizotumika kutoka Ulaya, juu printa nyingi za HP zinakataa katushi za kanda ingine, hata za original. Na inaomba intaneti ili ichapishe? Printa za HP ambazo jina linaishia na herufi "e", ukikubali mupango wa HP+ wakati wa kuifungua, inakufunga kwa wino wao na kwa intaneti. Kwetu, ambako koneksio inakuja na kwenda, hiyo ni ahadi ya kufikiria mara mbili. Kisha zima ile namna ya kubadilisha programu yenyewe, tumia kebo, na toa ukurasa mumoja wa rangi kila wiki ili matundu yasikauke.

"Weka original tu" ni neno la mwenye kuuzisha. "Yote ni sawa" ni neno la mwenye haraka. Sisi tuliosoma tunaombwa neno la tatu, refu kidogo: jua mashini yako, jua wino wako, na usikubali chipu ikuamulie kile ambacho karatasi yenyewe haikatai.