Sanda ya Unga

Mkebe wa donge la unga la dukani haufunguliwi kwa kisu wala kwa kifungulio. Unabandua karatasi ya nje, unautafuta mshono unaouzunguka mkebe kwa mshazari, unaubonyeza kwa mgongo wa kijiko, na pa! mkebe unapasuka, donge jeupe linafura kwenye ufa. Wifi yangu anayeishi Minneapolis huutoa kwenye friji dakika ile ile anayotaka kuufungua. Kabla ya hapo oveni imeshawashwa, karatasi ya kuokea imeshatandazwa kwenye trei, na soseji zimefutwa moja moja kwa kitambaa mpaka zimekauka. Donge ndilo la mwisho kuitwa, kwa sababu likishatoka nje halimngoji mtu.

Anachotengeneza ni mumia: soseji iliyozungushiwa tepe za donge, ikaokwa, ikapewa macho. Ni kitafunwa cha Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Mizizi yake iko Ireland na Scotland, kwenye sherehe za kale za Samhain za kuingia msimu wa baridi, na walioivusha bahari hadi Marekani katika karne ya 19 ni hasa wahamiaji wa Ireland. Leo watoto huvaa sura za kutisha wakapita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Zipo familia nyingi za Waswahili kule zisizoshiriki kwa sababu za imani, na msimamo wao unaeleweka. Wifi naye hana habari na mambo ya mizimu. Lakini majirani zake humwalika kula pamoja jioni hiyo, na mtu aliyelelewa Tanga haendi kwa watu mikono mitupu. Kwa kuwa peremende zitakuwa tele, yeye hupeleka kitu cha chumvi. Soseji zake ni za ng'ombe, za halali, na hazimpi shida kuzipata, maana Minneapolis ina Wasomali wengi na mabucha yao.

Nimewasikia wapishi hodari wakilibeza donge la dukani. Wanauliza: kama hukukanda, umepika nini? Nadhani wanaouliza hivyo hawajawahi kusimama karibu na mtu anayejua kulitumia.

Kwanza, mkebe wenyewe ni kazi ya fundi. Donge lenye kiumulio haliwezi kuambiwa lisubiri. Ukilikanda leo ukaliweka, kesho limekwisha nguvu. Aliyelitatua jambo hilo ni Lively Willoughby, mwokaji wa Louisville, Kentucky, aliyepata hataza yake mwaka 1931. Alilifungia donge ndani ya mkebe wa karatasi nzito, likakaa humo kwa shinikizo. Inasimuliwa kwamba majaribio yake ya mwanzo yalilipuka, unga ukanata darini. Kazi yake ilichukuliwa na kampuni ya Ballard & Ballard ya mji huo huo, na mwaka 1951 Ballard & Ballard ikanunuliwa na Pillsbury, wasaga unga walioanza mwaka 1869 pale Minneapolis, kwenye maporomoko ya mto Mississippi. Basi donge lililozaliwa Kentucky likahamia katika mji ambao tayari ulikuwa ukijulikana kwa vinu vya ngano. Mwaka 1965 likaanza kutangazwa kwenye televisheni donge la kuviringisha mikate ya umbo la hilali, na pamoja nalo yule kijana mdogo wa unga mwenye kofia ya mpishi anayechomoza kwenye mkebe. Aliyembuni ni Rudolph Perz wa kampuni ya matangazo ya Leo Burnett, Chicago.

Ndani ya mkebe hakuna hamira ya kawaida. Kuna magadi na asidi ya unga inayofanya kazi polepole. Vikikutana na unyevu wa donge hutoa gesi, gesi inalisukuma donge hadi likajaza mkebe na kuifukuza hewa iliyobaki, kisha baridi ya friji inautuliza mwendo huo. Kwa hiyo donge linapotoka limebeba pumzi iliyozuiliwa, na pumzi nyingine itazaliwa ndani ya oveni. Yote anayoyafanya wifi baada ya hapo anayafanya akilijua hilo.

Mkebe wa kawaida una gramu 226, na donge limeshapigwa alama za kukatia pembetatu nane. Mumia hahitaji pembetatu. Wifi analifungua donge mezani, analigawa katika mistatili minne, kila mstatili pembetatu mbili, kisha anaibonyeza ile alama ya mshazari kwa ncha za vidole mpaka ipotee. Akimaliza upande wa juu anaugeuza mstatili na kubonyeza upande wa chini vilevile. Hapa ndipo wengi huharakisha, na alama iliyobaki chini hujilipiza baadaye: utepe hukatika pale pale, katikati ya kuzungusha. Halafu anachukua kile kisu cha gurudumu cha kukatia piza na kukata tepe za upana wa sentimita moja hivi. Anakikandamiza na kukisukuma mbele mara moja, bila kukirudisha nyuma, kwa kuwa kisu kinachosuguasugua hulivuta donge, na donge la ngano likivutwa hujikunja kurudi lilikotoka.

Tepe zake hazilingani, na amekusudia hivyo. Baadhi ni nyembamba kama nusu sentimita, nyingine zina upana wa kidole. Mafundi wa Misri ya kale waliowahifadhi wafu wao, hao mumia wa kweli, mara nyingi walitumia kitani kilichokwisha kutumika nyumbani, kikachanwa vipande. Sanda iliyochanwa hivyo haina vipimo vya kiwandani, na mumia wa soseji mwenye tepe zilizo sawasawa zote huonekana amefungwa kwa mashine.

Huyo mumia mwenyewe ameingiaje kwenye sikukuu ya Waairishi? Mwezi Novemba 1922 mwanaakiolojia Howard Carter alilifikia kaburi la farao Tutankhamun katika Bonde la Wafalme, Misri, na magazeti ya dunia yakawa hayana habari nyingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1932, Hollywood ikatoa filamu ya The Mummy, na Boris Karloff akaigiza maiti iliyoamka. Fundi wa kumremba, Jack Pierce, alitumia saa nane kumzungushia vitambaa na kumpaka udongo na gundi, kwa ajili ya onyesho ambalo halikuzidi dakika chache mwanzoni mwa filamu. Saa nane! Napenda sana kulikumbuka hilo nikiwa jikoni kwa wifi. Sura ya mumia tunayoibeba vichwani leo, ile ya tepe zinazopishana na uso unaochungulia, ilipitia mikononi mwa mtu aliyekuwa tayari kufanya kazi kutwa nzima kwa kitu cha kutazamwa kitambo kidogo. Kitafunwa cha sherehe kina hali hiyo hiyo. Kinaliwa kwa mara mbili za kutafuna.

Sasa tazama anavyozungusha. Anaishika soseji kwa mkono wa kushoto, anaiweka ncha ya utepe chini ya soseji, upande utakaolala kwenye trei, ili uzito wa soseji wenyewe uishikilie. Kidole gumba kinaizungusha soseji na mkono wa kulia unautoa utepe tu, bila kuuvuta, kama mwanamke wa Pwani anavyoupeleka mwaa katika ukili. Utepe wa kwanza unapanda kwa mshazari. Wa pili unaukata wa kwanza kwa mshazari wa upande mwingine. Karibu na juu anaruka nafasi ya sentimita moja na nusu: huo ni uso. Juu ya uso anaweka utepe mmoja au miwili kwa ajili ya paji, na ncha zote zinazobaki anazificha chini.

Mara ya kwanza aliponiachia nizungushe, nikiwa na hamu soseji yote ifunikwe, alinishika mkono.

"Wifi, acha nafasi. Oveni itamalizia."

Ufundi wa jambo hili, kwa macho yangu, uko katika maneno hayo. Tepe mbichi zilizopangwa vizuri zinaonekana chache mno, soseji inaonekana iko uchi. Lakini donge litafura karibu mara mbili, mianya itaziba, uso utapungua. Ukiziba mianya wewe, oveni haitakuwa na mahali pa kupeleka gesi. Donge litapasuka mgongoni au litaufunika uso kabisa, na utakachotoa ni mkate wenye soseji ndani. Ukikaza utepe, utakatika. Kwa hiyo wifi hafungi kile anachokiona. Anafunga kile kitakachokuwepo baada ya robo saa, na macho yake yamezoea kuipima tofauti hiyo. Sijui maarifa mengine ya jikoni yanayodai imani ya namna hiyo, ya kuridhika na kitu ambacho bado hakijafanana na chenyewe.

Jiko likiwa la moto, mafuta yaliyo ndani ya donge hulainika na tepe huanza kunata vidoleni. Hapo hanyunyizi unga mwingi, maana unga mkavu huacha madoa na kuzifanya tepe zisishikane. Anaichukua trei nzima na kuiingiza kwenye friji kwa dakika kumi. Wakati huo anaosha mikono kwa maji baridi.

Mayai hapaki. Yai lililopigwa hulipa donge rangi ya kahawia na mng'ao, jambo zuri kwa mikate, lakini sanda haing'ai. Anayempaka yai ni nyoka. Humtengeneza kwa donge lililobaki, analiviringisha juu ya kijiti cha mwanzi, anatoboa macho kwa punje za pilipili manga, na hapo mng'ao unafanana na magamba.

Oveni iko kwenye nyuzi 190 za Selsiasi. Kuanzia dakika ya kumi na tatu anainama mbele ya kioo. Rangi ya juu haimtoshi. Anaitoa trei nusu, anamnyanyua mumia mmoja kwa ncha ya kisu na kumtazama chini. Chini pakiwa pamekauka na pana rangi ya dhahabu, wote wameiva. Pakiwa peupe na penye unyevu, soseji haikufutwa vizuri, na dakika mbili za ziada zitasaidia kidogo tu. Ndiyo maana ya kile kitambaa cha mwanzo.

Macho huwekwa mwisho, wakishapoa kidogo, kwa haradali na kijiti cha meno. Anachovya, anagusa, ananyanyua moja kwa moja kwenda juu ili tone lisiache mkia. Macho yakikaribiana mumia huonekana ameshtuka. Yakiachana kidogo huonekana ndiyo kwanza anaamshwa. Yakipandishwa mpaka chini ya utepe wa paji, yakafunikwa nusu, anakuwa mtu anayekutilia shaka. Nimemwona akimaliza trei nzima bila kurudia sura moja, naye hasemi neno wakati wote huo.

Pilipili za jalapeño anazifanya kwa watu wazima. Anazipasua kwa urefu, anavaa glavu, anakwangua mbegu pamoja na nyuzi nyeupe za ndani, ambamo ukali mwingi umejificha, kisha anajaza jibini laini ya kupaka na kuzifunga vilevile. Gurudumu la jibini la Brie, ambalo pia hulifunga, linataka donge la aina nyingine, lile la matabaka ya siagi linalouzwa limegandishwa. Hilo hunyanyuliwa na mvuke wa maji yaliyomo katika matabaka yake, kwa hiyo halitaki kuguswaguswa kingo. Kisu kiwe kikali, na mpakaji asiliache yai lichuruzike pembeni, maana yai hugandisha tabaka kwa tabaka na donge likashindwa kupanda. Jibini iingie ikiwa baridi sana, la sivyo itayeyuka na kukimbia kabla sanda haijakauka.

Tukirudi kwa wale wanaolibeza donge la dukani: kwetu hakuna anayemuuliza mama wa Mombasa au Kariakoo kama manda ya sambusa aliichoma mwenyewe. Ramadhani ikikaribia, manda hununuliwa kwa wanaojua kuzichoma, na sifa ya sambusa hubaki kwa anayejaza, anayekunja pembe zikakutana, anayeziba kwa uji mzito wa unga pasiache tundu la mafuta kupenya. Waliohamia Marekani wasipopata manda hutumia zile karatasi nyembamba za Kichina, wengine tortila zilizokatwa nusu, na sambusa zao zinaliwa na kusifiwa. Kazi tumeigawa tangu zamani: mmoja anakanda, mwingine anakunja. Kilichobadilika kwa wifi ni kwamba aliyekanda ni kiwanda.

Mwaka huu anataka kuvileta viwili hivi pamoja: mumia asiye na soseji, aliyejazwa nyama ya kusaga ya sambusa, yenye vitunguu, bizari nyembamba na giligilani. Shida aliyoiona mapema ni maji ya vitunguu na mafuta ya nyama, kwani vyote viwili vitalilainisha donge kabla halijafika kwenye oveni. Amekusudia kuikaanga nyama usiku wa kuamkia siku hiyo, aichuje, aifinyange vidole virefu na kuviweka kwenye friji hadi asubuhi vigande. Vitunguu atavitia vichache, vilivyokatwa vidogo sana. Kuhusu upana wa tepe bado hajaamua. Anasema nyama haina ngozi ya kuishikilia kama soseji, kwa hiyo huenda akazipanua na kupunguza mianya, ila uso lazima ubaki wazi.